Siku ya Tatu Mpe Jembe

Kila muhula huandikwa katika madarasa yetu insha ileile. Anwani yake hubadilika kidogo, lakini kiini chake hakibadiliki: Wazungu wana maendeleo lakini ni wapweke, Waafrika ni maskini lakini wana umoja. Mwanafunzi hueleza jinsi mzee wa Ulaya anavyofia chumbani mwake asijulikane mpaka jirani asikie harufu. Kisha hueleza jinsi kijiji cha kwetu kinavyokusanyika penye msiba. Humalizia kwa kidole kimoja kisichovunja chawa. Nasi walimu twamtilia alama ya vema, twampa 17 kati ya 20, na twafunga daftari tukiwa tumeridhika naye na tumeridhika na nafsi zetu.

Tunataka kusema hapa, bila kuficha, kwamba insha hiyo ni ya uongo, na kwamba sisi tunaoipa alama ndio wa kulaumiwa kwanza.

Si uongo kwamba upweke uko huko. Januari 2018 serikali ya Uingereza ilimpa waziri wake mmoja jukumu la kushughulikia upweke, baada ya taarifa ya kamati iliyopewa jina la Jo Cox, mbunge aliyeuawa Juni 2016. Japani nayo iliteua waziri wa namna hiyo Februari 2021. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani aliwaonya wananchi wake kwamba madhara ya kutengana na watu yaweza kulinganishwa na ya kuvuta sigara hadi 15 kwa siku. Habari hizi zilipofika katika vyumba vyetu vya walimu, wengi walicheka. Ati waziri wa upweke! Sisi hatukucheka sana. Mwenzetu mmoja aliyekuwa ameketi pale alikuwa amefiwa na mama yake wiki iliyopita, na wengi wetu tuliokuwa chumbani tulikuwa tumemtumia mchango kwa simu, na matangani hatukufika.

Uongo uko katika sababu. Insha zile zasema upweke ni tabia ya Mzungu kama nywele zake, na umoja ni tabia ya Mwafrika. Lau ingekuwa hivyo, kusingekuwa na la kujadiliwa wala la kufundishwa. Sisi twashikilia kwamba umoja haumo katika damu ya mtu yeyote. Hutokana na kitu ambacho watu wanakimiliki pamoja na kukiendesha wenyewe: mfuko wa fedha, ufunguo wa chumba, daftari la hesabu, haki ya kumwondoa mweka hazina asiye mwaminifu. Kitu hicho kikiondolewa, hata kwa nia njema, hata kama mahali pake pamewekwa kitu kizuri zaidi, watu hubaki wamepanga mstari wakisubiri kuhudumiwa. Na wasubirio kuhudumiwa hawana sababu kubwa ya kujuana majina.

Ushahidi wetu tutautoa Uingereza kwenyewe, maadamu ndiko insha hizo zipendako kwenda.

Tredegar ni mji mdogo katika mabonde ya kusini mwa Wales, uliokua kwa chuma na makaa ya mawe. Wafanyakazi wa mji huo walikuwa na chama chao cha tiba. Kila mmoja alikatwa peni chache katika kila pauni ya mshahara wake, na kwa fedha hizo chama kiliajiri madaktari na wauguzi. Katika miaka iliyo kati ya vita vikuu viwili, karibu mji mzima ulihudumiwa na chama hicho. A. J. Cronin, aliyetibu watu huko akiwa daktari kijana katika miaka ya 1920, aliyatumia aliyoyaona alipoandika riwaya yake The Citadel, iliyotoka mwaka 1937. Riwaya hiyo haiwasifu watu wote wa kamati, na hilo ni jambo la kuaminika: nani amewahi kukaa katika kamati akakuta watu wote wema?

Wafanyakazi haohao walikuwa na jumba lao lenye maktaba, na vitabu vyake vilinunuliwa kwa peni zao. Humo ndimo alimojisomea Aneurin Bevan, aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1897 na kuingia machimboni akiwa na umri wa miaka 13. Bevan alikuwa na kigugumizi. Neno lilipomkwama alitafuta lingine la maana ileile, na maneno hayo aliyatoa vitabuni. Walimu wa lugha wenzetu watatusamehe kwa kulitaja hili; lilitufurahisha kuliko tulivyotarajia. Mchimba makaa huyo alikuja kuwa waziri wa afya, na tarehe 5 Julai 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ilianza, ili kila mtu nchini atibiwe bila kuulizwa fedha mlangoni.

Tusieleweke vibaya. Jambo hilo ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanywa na serikali yoyote katika karne ya 20. Mama wa Glasgow asiye na chama wala akiba alipata daktari, na hatuna haki ya kumwambia kwamba afadhali angeugua katika umoja. Lakini katika Tredegar yenyewe lilitokea jambo ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote. Watu waliokuwa wakimwajiri daktari wao, waliokuwa wakiketi jioni kubishana kama anafaa au hafai, wakawa wagonjwa tu. Waliyopewa yaliongezeka, waliyoyaamua yalipungua. Kwa muda mrefu hasara hiyo haikuonekana, kwa kuwa machimbo yalikuwapo, chama cha wafanyakazi kilikuwapo, jumba lilikuwapo.

Kisha hivyo navyo vikaondoka, na safari hii hakukuwa na nia njema ya kuisifu. Wachimbaji wa Uingereza waligoma kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985, wakipinga kufungwa kwa machimbo. Wake zao waliendesha majiko ya pamoja mwaka mzima. Wengine kati yao hawakuwahi kabla ya hapo kusimama mbele ya mkutano. Wakashindwa. Machimbo yakafungwa moja baada ya jingine, na mwaka 2002 kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale, jirani ya Tredegar, kikafungwa pia. Asiye na mshahara hakatwi ada, na jumba lisilo na ada halina wa kulipaka rangi. Katika Uingereza nzima vyama vya wafanyakazi vilikuwa na wanachama wapatao milioni 13 mwaka 1979. Leo hawazidi nusu ya hao. Mwaka 1950 wapiga kura 84 katika kila 100 walijitokeza kuchagua bunge. Mwaka 2024 walijitokeza kiasi cha 60.

Baada ya hapo zikaja fedha za Umoja wa Ulaya kwa ajili ya mabonde yaliyodhoofika. Zikasaidia kujenga barabara na majengo ya mafunzo, na mabango yakasimamishwa kando yake. Naam, Juni 2016 Waingereza walipoulizwa kama wabaki katika Umoja huo au watoke, wilaya ya Blaenau Gwent, ambamo Tredegar imo, ilijibu kwa asilimia 62 kwamba watoke. Hakuna wilaya nyingine ya Wales iliyofikia kiasi hicho. Wasomi wa miji mikubwa walishangaa. Wengine walisema watu hao ni wajinga, wengine wakasema hawana shukrani.

Sisi tuishio miaka mingi chini ya mabango hatukushangaa. Twayajua: kisima hiki kimefadhiliwa na watu wa nchi fulani, darasa hili ni zawadi ya shirika fulani. Bango humwarifu msomaji kwamba amepewa, na papo hapo humwarifu kwamba hakuulizwa. Hatusemi kwamba kila mpiga kura wa Tredegar aliwaza hivyo. Watu hupiga kura kwa sababu elfu, na nyingine ni mbaya. Twasema kwamba fedha iliyokuja bila ufunguo haikumfanya mtu ajione mwenye nyumba.

Hapa ndipo tungependa walimu wenzetu waisome upya methali moja. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu twaifundisha kama kemeo kwa mgeni mvivu, na vitabu vya mazoezi vyaieleza hivyo. Lakini hebu tumtazame mgeni mwenyewe. Siku ya kwanza ameandaliwa mchele, ya pili ameandaliwa maziwa. Hakuna amchukiaye, lakini hana neno katika nyumba ile. Hawezi kusema shamba lianzie wapi, wala ng'ombe yupi auzwe. Siku anapopewa jembe anatoka na wenzake, anachoka nao, anabishana nao juu ya mpaka, na jioni anakula kwa haki yake. Jembe si adhabu. Ndilo linalomtoa katika ugeni. Aachwaye anywe maziwa mpaka siku ya kumi, hata akitunzwa vipi, atabaki mgeni, na siku moja atawatukana wenyeji wake bila wao kujua wamemkosea nini.

Demokrasia za leo zimewaacha wananchi wengi sana katika siku ya pili. Hukaribishwa, huulizwa hali, hupimwa maoni yao, na baada ya miaka minne au mitano hupewa karatasi ya kura. Jembe hawapewi. Wataalamu wameuita ugonjwa huo majina marefu, na sisi tumejitaabisha kuyatafsiri, tukasema utengano, tukasema utenganishwaji, mpaka ulimi ukachoka. Neno lilikuwapo nyumbani tangu zamani: ugeni. Mwananchi wa Tredegar ni mgeni katika mji aliozaliwa. Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyeizunguka Marekani mwaka 1831 na 1832, aliliona jambo hili mapema: kwamba watu hujifunza uhuru katika vyama vidogo na katika mambo madogo ya mtaa wao, na kwamba wasipojifunza huko hawataujua hata wakipewa bunge.

Hatutaki, hata hivyo, kuipamba Tredegar kama insha zetu zinavyokipamba kijiji. Mwezi Agosti 1911, katika mji huohuo wa maktaba na chama cha tiba, makundi ya watu yaliyavamia na kuyapora maduka ya Wayahudi. Walijuana sana, wakashikamana sana, wakamgeukia jirani ambaye hawakumhesabu. Nasi tunaosifu umoja wa Mwafrika tukumbuke mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini mwetu Uganda. Walikuwapo walioshangilia barabarani, na walikuwa wameshikamana barabara. Mwanafunzi aandikapo kwamba mshikamano ni wema, mwalimu aulize pembeni kwa wino mwekundu: wa nani, dhidi ya nani?

Sasa turudi nyumbani, tukitazame kijiji chenyewe badala ya kukisifu. Katika milima ya Kigezi na Ankole kuna vyama viitwavyo engozi. Engozi ni machela ya kusukwa ambayo kwayo mgonjwa hubebwa mabegani kutoka mahali pasipofika gari. Wanachama wana zamu zao, na asiyetokea hutozwa faini. Iangalieni faini hiyo. Kama umoja ungekuwa katika damu, ya nini kutoza? Wazee wa Kigezi hawakuiamini damu. Waliamini kanuni, zamu na adhabu. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha mpango wa bima ya matibabu, iliujenga juu ya vyama hivyo, na watu wakajiunga kwa vikundi. Mchimbaji wa Tredegar angeyaelewa mambo ya Kisiizi bila mkalimani. Hao wawili ni ndugu, na insha yetu ndiyo iliyowatenga kwa rangi ya ngozi.

Na mtoto wa mwanachama wa engozi akihamia Kampala, akapanga nyumba nyuma ya ukuta wenye vigae vya chupa juu yake, akaishi miaka 6 asimjue jirani wa kushoto, je, damu yake ya Kiafrika ilimwagika ndani ya basi? Kilichobadilika ni kwamba Kampala hana zamu, wala hakuna awezaye kumtoza faini. Yuko mahali ambapo hakuna jambo la pamoja lililo mikononi mwake. Hata baraza la kijiji, lile la ngazi ya chini kabisa ambalo mwananchi angeweza kulisimamia kwa macho yake, lilikaa toka mwaka 2001 hadi Julai 2018 bila uchaguzi, ilhali katika muda huo tulimchagua rais mara tatu. Tulipewa kura ya mbali tukanyimwa ya karibu. Hatujui kama kuna insha iliyoandikwa juu ya hilo.

Lakini sisi ni chama cha walimu wa Kiswahili, na msomaji ana haki ya kuuliza Kiswahili kinaingiaje. Kinaingia kwa aibu. Tarehe 7 Julai kila mwaka twaimba kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja. Twawakumbusha watu kwamba Katiba yetu ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya mwaka 2005, na kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe shuleni kwa lazima. Hatupendi kukumbusha kwamba kilikwisha kutangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri ya Idi Amin, na kwamba tangazo lile halikumuunganisha mtu na mtu. Wengi wa wazee wetu walijifunza maneno yao ya kwanza ya Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani: simama, toka, lala chini. Lugha ambayo mtu ameisikia ikimwamrisha, haiwi yake kwa sababu imeandikwa katika Katiba.

Nendeni Busia, au Malaba, au Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo, siku ya soko. Huko Kiswahili kinakosewa sarufi kila sentensi, na ni cha watu. Wanawake wanaouza samaki na nguo za mitumba, huyu haijui lugha ya nyumbani ya yule, wanacheza upatu kwa Kiswahili, wanasutana kwa Kiswahili, wanamdai mwenzao aliyechelewesha mchango kwa Kiswahili. Wameshika jembe kwa lugha hiyo. Sisi tungewakosoa ngeli.

Na darasani tunafundisha nini? Tunafundisha kumbukumbu za mkutano. Kila mwalimu anaujua mpangilio: kichwa, waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua mkutano, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Mwanafunzi huukariri, hubuni mwenyekiti, hubuni mweka hazina, huandika yatokanayo na mkutano ambao haukufanyika, juu ya fedha ambazo hazikuchangwa, na hupata alama zote. Tunawafundisha watoto wetu kuandika kwa ufasaha habari za jembe ambalo hawajalishika. Tukiulizwa demokrasia yetu imefanana na nini, pengine jibu limo katika daftari hilo.

Tusiwaonee watoto. Tawi moja la walimu wa Kiswahili, ambalo tulikuwamo na hatutalitaja, lilikuwa zamani na sanduku la bati la vitabu. Vitabu vyenyewe havikuzidi 40, vilinunuliwa kwa ada zetu, na sanduku lilihama kutoka shule hadi shule kwa baiskeli. Tuligombana sana juu ya sanduku lile. Kuna mwenzetu aliyekaa na diwani moja miezi minane, tukamwandikia barua kali, akajibu kwa shairi. Barua na shairi vyote vilisomwa mkutanoni, na kicheko kile twakikumbuka hata leo. Baadaye tukapewa chumba kizima cha vitabu na mfadhili, rafu kwa rafu, pamoja na bango. Tulishukuru kwa dhati. Ufunguo ukakaa ofisini kwa afisa aliyehusika, afisa akahamishwa, ufunguo haukupatikana. Hakuna aliyeandika barua kali. Kwa nani? Mikutano ya tawi ikageuka warsha, na warsha ikaja na posho na nauli, na siku fedha za mradi zilipokwisha tulijikuta watatu chini ya mwembe, tukitazamana kama abiria walioachwa na basi. Tulikuwa tumefundisha pamoja katika wilaya ile zaidi ya miaka 10. Mmoja wetu alilazimika kuwauliza wenzake majina ya watoto wao.

Kwa hiyo wenzetu wanapotuandikia wakitaka chama kiombe waziri, kiombe mfadhili, kiombe siku moja zaidi ya Kiswahili katika kalenda, twawajibu kwamba hatutaki kupewa kitu kingine kwa mwaka huu. Twataka kila mwalimu asomaye ukurasa huu aache, kwa muhula mmoja tu, kutunga swali la mkutano wa kubuni. Darasa lichange, hata kama ni shilingi mia kwa kila mtoto, lichague mweka hazina wake, liamue lenyewe kununua mpira au kamusi, ligombane, na liandike kumbukumbu za ugomvi huo kwa Kiswahili, mweka hazina akiwa ameketi palepale anasikiliza. Fedha zikipotea, mwalimu asizifidie. Alama zitolewe kwa yatokanayo.

Na sanduku tumelipata. Lilikuwa ghalani kwa mwenzetu mmoja, lina kutu, na ndani mna vitabu 26 na barua ile. Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao tawi letu litakutana chini ya mwembe uleule, bila posho na bila nauli. Ajenda ni moja: nani atashika ufunguo. Tumekwisha kuambiwa kwamba hatutafika watu watano. Akidi, kwa mujibu wa katiba yetu, ni saba.